Anti, jicho limepona ila sijui kama bado nina haki ya kushika usukani wa ndege

Shikamoo Anti. Naomba usitoe jina langu wala jina la gereji yangu, maana Dar yenyewe hii ndogo na watu wa ndege ndogo tunajuana wote.

Mimi ni fundi magari, nina miaka 43, nina mke na watoto watatu. Nimezaliwa Kipawa, ile ya zamani kabla watu hawajahamishwa kupisha uwanja wa ndege. Utotoni tulikua tunapanda juu ya mwembe tunasikiliza ndege zinavyokuja, tunabishana hii ni Fokker hii ni Boeing kwa mlio tu kabla hatujaiona, na anayekosea anashuka kwenda kuchota maji. Nikasema ipo siku. Siku yenyewe ikachelewa sana, nilianza mafunzo ya urubani nikiwa na miaka 38 na nikamaliza na 41, masaa ya kuruka yanayotakiwa ni 40 lakini mimi yalifika 61 kwasababu hela ikiisha nasimama, nikirudi baada ya miezi nimesahau nusu, naanza tena. Hela ya mwisho kabisa alitoa mke wangu, alikopa milioni sita kwenye kikoba chao, akauza vitenge mwaka mzima kuirudisha. Nikapata leseni ya rubani binafsi. Anti siku ile nilishuka kwenye ile Cessna 172 miguu inatetemeka, mke wangu amesimama pale nje na watoto analia.

Sasa mwaka jana mwezi wa tatu nilikua nakata boliti ya chesisi na grainda, miwani ya kukinga niliivua nifute jasho, sekunde hiyo hiyo kipande cha chuma kikaingia jicho la kulia. Hospitali walikitoa wakashona, ila baadae jicho likafanya mtoto wa jicho, nikijiangalia kwenye kioo mboni nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Mwezi wa saba nikafanyiwa operesheni, wakaweka lenzi ya bandia. Wiki ya sita nikapimwa jicho likasoma 6/9, la kushoto linasoma 6/6. Nililia palepale kwenye kiti.

Daktari sikumwambia kwamba mimi ni rubani, kwenye faili imeandikwa fundi magari basi. Na daktari wa anga aliyenipa medikali, yaani cheti cha afya cha rubani, sijamwambia kwamba nimefanyiwa operesheni. Medikali yenyewe niliipata kabla sijaumia, iko hai mpaka mwezi wa kumi na mbili mwaka huu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja nimeruka mara tisa na hakuna shida.

Kitu ambacho sijamwambia mtu ni kwamba kama miezi mitatu hivi taa za usiku zimeanza kubadilika. Bodaboda ikinijia Nyerere Road, taa yake inakua na duara na miale kama ua la alizeti, na saa nyingine kioo cha gari nakiona kama kimepakwa mafuta, nafuta wee lakini bado. Ila mimi usiku siruki, leseni yangu ni ya mchana kwahiyo hakuna shida. Mwezi uliopita narudi kutoka Mafia peke yangu saa kumi na moja jioni, nikavuta usukani nikijua tairi zinagusa kumbe bado niko juu, ndege ikadondoka kwa kishindo. Upepo nao ulikuepo. Ndege nimeikagua mwenyewe, haina shida.

Kuna rafiki yangu ana leseni ya siku nyingi, yeye anasema kiwango ni 6/12 na wewe una 6/9, umepita, funga mdomo, ukimwambia daktari wa anga watakuweka chini mwaka mzima. Mwingine akanitisha kwamba lenzi ya bandia inaweza kupasuka angani kwa ajili ya presha ya hewa. Alafu nimesoma kuhusu Mmarekani Wiley Post, alizunguka dunia nzima peke yake mwaka 1933 akiwa na jicho moja, mimi ninayo mawili.

Mwezi ujao mwishoni ni harusi ya mdogo wangu. Mama yuko Kilindoni, Mafia, ana miaka 70, boti ya Nyamisati inamtapisha mpaka analazwa, na mimi tangu napata leseni nilimuahidi kwamba safari yake ya kwanza ya ndege nitamrusha mwenyewe. Mke wangu anajua jicho limepona. Hayo ya duara na kishindo hajui. Nikimwambia nimeacha kuruka naona kama namwambia hela yako ya kikoba niliitupa baharini.

Anti, ninyamaze mpaka mwezi wa kumi na mbili au niseme?

Fundi

*

Marahaba mdogo wangu. Pole sana na jicho. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nilibaki juu ya mwembe na nyie watoto wa Kipawa, mara ya pili nikachukua kalamu nikaanza kupigia mstari kila ulipoandika "hakuna shida" au "haina shida". Ziko tatu. Moja umeiweka baada ya zile mara tisa, nyingine baada ya taa ya bodaboda, nyingine baada ya kishindo. Nakuuliza kwa upole kama dada yako, hivi mteja akikuletea gari akakwambia hakuna shida mara tatu kabla hujafungua boneti, wewe fundi unafanyaje?

Ngoja nirudie nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Umeumia, umetibiwa, kipimo kikatoka kizuri. Tangu hapo kuna watu watatu kila mmoja anajua kipande: daktari wa macho hajui kama unarusha ndege, daktari wa anga hajui kama una lenzi, mke wako hajui kama taa zimebadilika. Anayejua yote ni wewe peke yako, na wewe ndo mwenye hofu. Kwahiyo swali la kusema au kunyamaza mimi naliona limeanza zamani, kabla ya rafiki yako hajakushauri.

Tuanze na hiyo 6/9 maana naona umeiegemea sana. Rafiki yako kwenye namba hajadanganya. Viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ambavyo nchi wanachama Tanzania ikiwemo huvitumia kutunga kanuni zao, vinataka rubani binafsi kila jicho peke yake lifike 6/12 na yote mawili kwa pamoja 6/9, hata kwa msaada wa miwani. 6/12 maana yake herufi ambayo mtu mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 12, wewe uisome ukiwa mita 6. Kwa hilo ulikua umepita. Ila soma barua yako mwenyewe: ulipimwa wiki ya sita baada ya operesheni, hiyo ni kama mwezi wa nane au wa tisa mwaka jana, na duara za taa zimeanza miezi mitatu iliyopita. Hiyo 6/9 ni ya jicho lile la mwaka jana. La leo hujalipima.

Alafu viwango hivyo hivyo vina sentensi nyingine ambayo rafiki yako kairuka. Mtu aliyefanyiwa upasuaji unaogusa uwezo wa jicho kuona anahesabiwa hafai mpaka ionekane hana madhara yaliyobaki ya kumsumbua kazini. Hapo ndo yanaingia mambo ambayo ule ubao wa herufi hauonyeshi. Mwanga ukikupiga usoni unaona nini? Kitu cha kijivu juu ya kijivu unakitofautisha, ndege nyingine kwenye ukungu wa bahari kwa mfano? Umbali je? Na kuna la karibu pia: lenzi ya bandia ya kawaida haijikunji kama ya kuzaliwa, ikiwa imepangwa kuona mbali basi ramani na namba ndogo kwenye dashibodi zinataka miwani. Hujaniambia ukisoma ramani jicho la kulia linafanya nini, na mimi nimejiuliza kama umewahi kulifumba la kushoto ukajaribu.

Unasema duara ni za usiku na wewe usiku huruki. Sawa. Lakini kile kishindo kilikua saa kumi na moja jioni, jua limeshuka. Jicho linalotawanya taa ya bodaboda haliwezi kuacha kutawanya jua kwasababu tu ni mchana. Na katika kupima zile futi za mwisho kabla tairi hazijagusa, macho mawili yanayokubaliana yanasaidia, na yako yamekua tofauti, moja la Mungu moja la fundi mwenzako. Inawezekana kweli ulikua upepo, marubani wazima nao hudondosha ndege kwa kishindo siku mbaya. Sisemi ni jicho. Ninachokiona ni kwamba hata wewe hujui, na hujataka kujua.

Sasa kuna jambo nataka ulisome taratibu, kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote. Watu wengi wakishawekewa lenzi, baada ya miezi au miaka ile ngozi nyembamba ya kifuko kinachoishika lenzi inafanya ukungu kwa nyuma. Dalili zake ni kama ulizoandika: taa zinakua na duara na miale, kioo kinaonekana kina mafuta, unafuta hakitoki. Dawa yake mara nyingi ni leza iitwayo YAG, inatoboa katundu katikati ya ile ngozi, bila kisu, dakika chache umekaa kwenye kiti. Ina hatari zake ndogo, pamoja na retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho, kubanduka kwa wachache, ndo maana daktari anaangalia kwanza. Mimi siyo daktari na siwezi kuliona jicho lako kutoka kwenye karatasi. Jicho lililopigwa na chuma linaweza kuwa na mengine, kovu kwenye kioo cha mbele, lenzi iliyosogea, au presha ya jicho iliyopanda kimyakimya bila maumivu. Lakini ona ulipofika mdogo wangu: unanyamaza ili kulinda leseni, na huenda kitu kinachoiharibu leseni kinatibika asubuhi moja kisha unarudi gereji kwa chai. Na kama ni presha, kila mwezi unaonyamaza unalipia kwa uoni ambao haurudi. Na siku yoyote ukiona kama radi ndogondogo pembeni ya jicho, au vidoti vyeusi vingi kwa ghafla, au pazia linashuka, hiyo usisubiri kesho, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Huyo aliyesema lenzi itapasuka angani mwambie apumzike. Ile ni plastiki ngumu au laini, haina hewa ndani, presha haiigusi. Nadhani amechanganya na watu waliofanyiwa operesheni ya retina wakawekewa gesi ndani ya jicho. Hao ni kweli hawaruhusiwi kupanda ndege hata kama abiria, wala kupanda milima mirefu, mpaka gesi iishe yote, maana ukienda juu gesi inatanuka na jicho linaweza kupofuka. Wewe kwa ulivyoeleza hukuwekewa hiyo.

Na hiyo lenzi yako ngoja nikupe stori yake, maana niliposoma barua ndo kitu cha kwanza kilichonijia. Wakati wa vita kuu ya pili marubani wa Uingereza walikua wanaumia macho, kioo cha kokpiti kikipigwa risasi vipande vya plastiki ya Perspex vinaingia jichoni. Daktari mmoja, Harold Ridley, akaona vile vipande vinakaa tu, jicho halivikatai kama linavyokataa vitu vingine. Mwaka 1949 huko London akamuwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya jamii ile. Kwahiyo wazo la hicho kitu kilichokaa jichoni mwako sasa hivi lilitoka kwenye macho ya marubani walioumia. Nilipenda ujue.

Wiley Post nae umemtaja. Ni kweli kabisa, na yeye jicho la kushoto aliliharibu kazini kwenye visima vya mafuta, na fidia aliyolipwa ndo ikanunua ndege yake ya kwanza. Ila alikaa chini akajifundisha upya kupima umbali kwa jicho moja, na kila mtu alijua, alivaa kitambaa jichoni mchana kweupe. Ukimchukua kama mfano mchukue mzima.

Haya, njia zako. Ya kunyamaza mpaka mwezi wa kumi na mbili nitaieleza kwa haki kwasababu wewe ndo umeiuliza. Inakupa harusi, inakupa ahadi kwa mama, inakupa miezi kadhaa ya amani nyumbani. Inachokuomba ni hiki. ICAO inasema mwenye leseni akijua afya yake imeshuka kiasi cha kuathiri urushaji asirushe, hata kama karatasi bado iko hai, kwahiyo ule uhai wa medikali unaoutegemea hausimami peke yake. Likitokea lolote, hata tairi kupasuka kusikohusiana na jicho, wachunguzi na watu wa bima wataomba faili la hospitali. Na mwezi wa kumi na mbili fomu itakuuliza operesheni, hapo utaandika ukweli uonekane ulificha, au utaandika uongo na huo ni kosa lingine juu ya lile. Juu ya hayo yote kuna siti ya kulia pembeni yako, na ndani ya siti ya kulia kuna mama.

Njia ya kwenda kwa daktari wa anga nayo ina gharama, sitakuficha. Anaweza kukusimamisha. Anaweza kutaka ripoti za macho, tena kutoka kwa bingwa, na hizo ni hela na siku za foleni. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi. Huo mwaka mzima wa rafiki yako sijui kautoa wapi. Ninachokijua ni kwamba viwango vimeacha mlango wazi: hata asiyefikia kipimo anaweza kupewa medikali yenye masharti kama madaktari wabobezi wakiridhika kwamba uzoefu wake na hayo masharti vinafidia, na wakati mwingine anapandishwa ndege aonyeshe anavyotua. Sharti lenyewe linaweza kuwa dogo tu, uvae miwani na uwe na nyingine ya akiba karibu. Wengi wanaruka hivyo. Ukishavuka 40 medikali ya rubani binafsi kwa ICAO ni miezi 24 badala ya 60, yaani wao wenyewe wanategemea kwamba mwili wa mtu wa umri wako utabadilika na watu watakuja kusema.

Kuna na njia ya katikati ambayo hukuitaja kabisa: kuanza na daktari wa macho peke yake kabla ya chochote, na katikati ya hapo ukitamani hewa ruka na instrakta, yeye akiwa ndo kamanda wa ndege. Mwambie ukweli wote kabla hamjawasha injini, alafu mwombe muende jioni muda uleule, akuangalie unavyovuta usukani. Ubaya wake ni kwamba instrakta akishajua hutaweza tena kusema hakuna anayejua. Huenda hicho ndo unachokiogopa, huenda pia ndo kitakachokupa usingizi, hapo unajijua mwenyewe.

Mama. Umeandika ulimuahidi utamrusha. Umewahi kumuuliza yeye anataka nini? Maana mtu wa miaka 70 anayetapika kwenye boti pengine anachotaka ni kutopanda boti basi. Ndege ndogo za abiria zinatoka Kilindoni zinafika Dar kama nusu saa, ukamfuate, ukae nae siti moja, umshike mkono, umwambie mama sasa anapunguza injini, mama huo mlio ni mabawa tu usiogope, mama ile pale chini ni delta ya Rufiji. Najua siyo ile uliyoiota. Inaweza ikakuuma ukiwa umekaa siti ya abiria, na una haki ya kuumia.

La mwisho ni mkeo, na hapa nahisi ndo kwenye kidonda chenyewe. Wewe umeshamwandikia jibu lake, kwamba ataona hela imetupwa baharini. Mimi namsoma kwenye barua yako mwanamke aliyeuza vitenge mwaka mzima ili mumewe aruke, akasimama nje ya uwanja akilia. Huyo alinunua nini, karatasi? Simjui, inawezekana kweli atakasirika, na hasira yake itakua na sababu, hasa akijua umeruka bila kumwambia hayo ya duara. Lakini usimjibie. Na watoto wakitaka kupanda ndege na baba yao, anayewaruhusu ni nani kama siyo yeye, sasa anaruhusu akijua nini?

Sikuchagulii. Ila ukifika kwa daktari wa macho, kabla hajazima taa ya chumba, mwambie kwa mdomo wako kwamba ukiacha gereji unarusha ndege, na mweleze lile ua la alizeti kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, umelieleza vizuri sana. Alafu niandikie amekuambia nini. Na Mama Kilindoni msalimie, mwambie kuna mtu Dar anamuulizia.